Sikio la Mnasihi: Podikasti za Afya ya Akili na Mapokeo ya Kusikiliza Katika Mombasa

1.0 Utangulizi

Uhakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili umeshughulika mno na msemaji. Mtambaji, malenga, manju na mwimbaji wameandikiwa makala na tasnifu nyingi. Msikilizaji, kwa upande wake, ametajwa kwa jina la "hadhira" kisha akaachwa papo hapo akipiga makofi. Makala haya yanamgeukia msikilizaji mmoja mahususi, naye ni mnasihi, yaani mtu ambaye kazi yake ni kutoa ushauri nasaha au tiba ya nafsi, na ambaye chombo chake cha kwanza si dawa wala kalamu bali ni sikio. Swali linaloulizwa ni hili: je, ni podikasti zipi za afya ya akili zinazostahili kusikilizwa na mnasihi anayefanya kazi katika kisiwa cha Mombasa, hususan Mji wa Kale, na zipimwe kwa kigezo gani?

Podikasti ni kipindi cha sauti kinachohifadhiwa katika intaneti, msikilizaji akakichukua na kukisikiliza kwa wakati wake na mahali pake. Jina hilo lilizuka mwaka 2004, na tangu hapo utanzu huu umekua kwa kasi. Mhakiki wa fasihi hana mamlaka ya kusema tiba ipi inaponya. Hilo ni la matabibu. Hata hivyo, ana mamlaka ya kuuliza maswali ambayo taaluma yake imeyazoea: nani anasema, nani anasikia, kipi kimekatwa, ukimya umefanywa nini, na lugha ya kilio ni ipi. Maswali hayo si ya pambo. Nchini Kenya washauri nasaha wengi hufundishwa kwa Kiingereza, ilhali wanaokuja mbele yao katika Kibokoni, Kuze au Majengo hulia kwa Kiswahili. Pengo hilo baina ya lugha ya mafunzo na lugha ya kilio ndilo linaloufanya uhakiki huu kuwa wa lazima.

Hoja ya makala ni kwamba podikasti inayomfaa mnasihi si ile inayomwongezea habari tu, bali ni ile inayolifunza sikio lake kulisikia lisilosemwa. Kwa kigezo hicho, baadhi ya vipindi vinavyosifiwa sana vinapungukiwa, na vingine vinafuzu kwa sababu ambazo watayarishaji wake pengine hawakuzikusudia. Aidha, Mombasa yenyewe ina mapokeo ya kusikiliza ambayo yanaweka mizani nzito kuliko ile ya studio za London na New York.

2.0 Historia Fupi ya Kilio Kilichonaswa

Tiba ya nafsi kwa njia ya mazungumzo ilianza kuandikwa kama kisa cha fasihi. Mwaka 1895 Josef Breuer na Sigmund Freud walichapisha mjini Vienna uchunguzi wao kuhusu histeria, na mgonjwa wa kwanza katika kitabu hicho alipewa jina la kubuni, Anna O. Baadaye ilifahamika kwamba alikuwa Bertha Pappenheim. Yeye mwenyewe ndiye aliyeipa tiba ile jina la tiba ya mazungumzo. Mambo mawili yanadhihirika tangu mwanzo huo. La kwanza, aliyeitambua nguvu ya usemi ni mgonjwa kabla ya kuwa tabibu. La pili, jina la kubuni halikumsitiri mwenyewe milele.

Freud aliandika kutokana na kumbukumbu. Carl Rogers wa Marekani alileta mapinduzi mengine alipoanza kuvinasa vikao kwa mashine. Kitabu chake cha mwaka 1942 kilichapisha, neno kwa neno, mazungumzo yote ya vikao vya mtu mmoja aliyeitwa Herbert Bryan. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi aliweza kuona mahali mnasihi alipomkatiza mteja, mahali aliponyamaza, na mahali aliposikia sivyo. Mwaka 1965 ikatoka filamu ambamo mwanamke mmoja, Gloria, alizungumza kwa zamu na Rogers, Fritz Perls na Albert Ellis, na kwa miaka mingi wanafunzi wa taaluma hii wakafundishwa kwayo. Katika Uingereza, Anthony Clare alianza mwaka 1982 kuwahoji watu mashuhuri katika BBC Radio 4 kana kwamba wamekalia kiti cha mgonjwa, na mfululizo huo ukaendelea hadi mwaka 2001.

Podikasti imerithi vyote hivyo. Shrink Rap Radio ya David Van Nuys ilianza mwaka 2005 kwa kuwahoji wanasaikolojia. Mwaka 2011 mchekeshaji Paul Gilmartin alianzisha The Mental Illness Happy Hour. Mwaka 2017 Esther Perel alitoa Where Should We Begin?, na mwaka 2020 Lori Gottlieb na Guy Winch wakatoa Dear Therapists. Kenya nayo haikubaki nyuma, kwani mwaka 2019 mtangazaji Adelle Onyango alianzisha Legally Clueless, na ndani yake mna sehemu ambamo Waafrika wa kawaida husimulia maisha yao wenyewe.

3.0 Tanzu Tatu na Upungufu Wake

Vipindi hivi vinaweza kuainishwa katika tanzu tatu: darasa, ushuhuda na kikao.

3.1 Darasa

Katika utanzu wa darasa mtaalamu huhojiwa kuhusu matokeo ya utafiti. Shrink Rap Radio imo humu, na vilevile All in the Mind ya BBC, ambayo ilianza mwaka 1988 kama kipindi cha redio na sasa husikilizwa pia kama podikasti. Faida yake ni wazi. Mnasihi aliyehitimu miaka kumi iliyopita hupata habari mpya bila ya gharama ya jarida. Lakini katika darasa mgonjwa hayupo; yupo kama mfano tu. Sauti inayosikika ni ya anayejua, na sikio la mnasihi linafunzwa kumsikiliza mjuzi mwenziwe. Haidhuru, ila isidhaniwe kwamba hayo ni mafunzo ya kumsikiliza mwenye dhiki.

Katika historia ya Kenya kuna funzo chungu kuhusu ujuzi usiosikiliza. J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya Mathari mjini Nairobi, aliandika kitabu kilichotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 1953, na humo akashikilia kwamba ugonjwa wa huzuni ni nadra miongoni mwa Waafrika. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti kutoka vijiji viwili vya Uganda ulioonyesha kwamba huzuni ya kiwango cha ugonjwa ilikuwapo kwa wingi, hata kuliko miongoni mwa wanawake wa kusini mwa London waliolinganishwa nao. Huzuni ilikuwapo tangu zamani. Iliyokosekana ni njia ya kuisikia: wenye dhiki waliileta kwa lugha ya kifua, tumbo na kichwa, na wengi walikwenda kwa waganga, si Mathari. Darasa la Carothers lilikuwa na takwimu, na sikio halikuwamo.

3.2 Ushuhuda

Katika utanzu wa ushuhuda mwenye maisha husema mwenyewe. Legally Clueless na kipindi cha Gilmartin ni mifano yake mizuri. Nguvu ya Legally Clueless ni kwamba msimulizi hapewi jina la ugonjwa kabla hajaanza kusimulia. Mnasihi anayemsikiliza analazimika kungoja. Halijui neno litakalokuja, wala hana faili mkononi. Hayo ni mazoezi halisi ya sikio. Isitoshe, wasimulizi hupita kutoka Kiingereza hadi Kiswahili na kurudi, na msikilizaji makini hugundua kwamba mpito huo hautokei ovyo. Mtu anapofika kwenye jambo linalomuuma hubadilisha lugha, mara nyingine ili alikaribie na mara nyingine ili alikimbie. Mnasihi anayeyajua hayo ana ufunguo ambao kitabu cha Kiingereza hakiwezi kumpa.

Upungufu wa ushuhuda upo katika muundo wake. Anayekubali kusimulia hadharani aghalabu ni yule aliyekwisha kuvuka. Kisa chake kina mwanzo, kisa chake kina kina, na kisa chake kina mwisho wa faraja. Mnasihi akivizoea visa vya namna hiyo peke yake atakuwa na haraka ya kuutafuta ufuo kwa mtu ambaye bado yumo majini. Ni kosa lile lile la msomaji wa ngano anayesubiri funzo la mwisho na kuyaruka yote ya katikati.

3.3 Kikao

Katika utanzu wa kikao msikilizaji huingizwa ndani ya chumba. Katika kipindi cha Perel, watu wawili wenye mgogoro wa mapenzi huja kwa kikao kimoja tu, majina yao hayatajwi, nacho kikao huhaririwa kabla ya kutolewa. Perel huingilia kati kwa sauti ya pembeni, akamweleza msikilizaji alichokuwa akikifikiri alipouliza swali fulani. Mbinu hiyo ni ya kifasihi kabisa. Ni ile ya msimulizi anayeyasitisha matendo ili afasiri, na kwa mnasihi ina thamani kubwa, kwa kuwa inamwonyesha kwamba nyuma ya kila swali kuna chaguo, na nyuma ya kila chaguo kuna maswali mengine yaliyoachwa. Kwa msingi huo, katika vipindi vyote vilivyotajwa, cha Perel ndicho kinachomkaribia zaidi Rogers wa mwaka 1942.

Hata hivyo kuna tofauti moja isiyopaswa kupuuzwa. Rogers alichapisha kila neno, podikasti hukata. Kinachokatwa kwanza ni ukimya, kwani ukimya hauuziki. Sekunde arubaini za mtu anayetafuta neno huwa nne, na mnasihi chipukizi hubaki akidhani kwamba watu huyasema ya moyoni kwa mfululizo. Dear Therapists inakwenda mbali zaidi: mwenye shida huandika barua, akapewa nasaha na kazi ya kufanya, kisha akarudi kueleza matokeo. Kisa kinafungwa vizuri. Kinafungwa vizuri kupita kiasi, na hapo ndipo mhakiki anapopaswa kukitilia shaka. Maisha ya mteja hayana mhariri.

4.0 Mombasa Kama Chuo cha Kusikiliza

4.1 Lugha ya Dhiki

Mnasihi wa Mombasa anaanzia kwenye maamkizi, nayo ni magumu kuliko yanavyoonekana. Neno "sijambo" kimaana ni ukanusho: msemaji anakana kuwa na jambo. Akiulizwa hali atajibu "njema" na kumshukuru Mungu, kisha, baada ya njema mbili au tatu, ndipo atakapoongeza "ila", na nyuma ya "ila" hiyo pana msiba mzima. Asiyejua adabu hiyo ataandika kwamba mteja hana tatizo. Anayeijua atakuwa akiingoja "ila".

Kadhalika, Kiswahili hakina neno moja la kila siku la huzuni ya kiugonjwa. Wataalamu wamependekeza "sonona" na "unyogovu", lakini barazani husemwa kwamba mtu "ana mawazo", kwamba "moyo mzito", au kwamba "ana jambo kifuani". Kifua hapo kina maana mbili. Kinaumwa, na pia kinahifadhi: mtu asiyetoa siri husemwa kwamba "ana kifua". Kwa hiyo kiungo kile kile kinachobeba maradhi ya mteja ndicho kinachobeba sifa ya mnasihi. Hakuna podikasti ya Kiingereza itakayomfundisha mtu uhusiano huo, kwa kuwa lugha yake haina.

Upande mwingine wa lugha hii unapingana na tiba ya nafsi waziwazi. Methali husema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Freud angeshangaa, kwani kwake yaliyopita ndiyo ndwele yenyewe. Mnasihi anayeuliza habari za utotoni katika mwezi wa kwanza wa kazi yake atajibiwa kwa methali hiyo, na asiichukue kuwa ni ukaidi. Ni nadharia. Inadai kwamba kuyafukua ya jana mbele za watu kunaweza kuvunja mapatano ambayo juu yake nyumba nzima imesimama. Mnasihi mwema ataijibu nadharia kwa nadharia, taratibu, wala hatamdharau aliyeisema.

4.2 Kiti na Mteja

Neno "mteja" lenyewe lina historia. Leo ni mnunuzi dukani, na ndilo neno lililochukuliwa na washauri nasaha kwa anayewajia. Lakini katika matumizi ya kale ya waganga, mteja alikuwa mtu aliye chini ya matibabu ya mganga, hasa katika mambo ya pepo. Kwa hiyo taaluma ya kisasa, ikidhani kwamba imeazima neno la biashara, imelirudisha neno kwenye uganga lilikotoka.

Katika kupunga pepo mgonjwa huitwa kiti. Pepo anapopanda, fundi humuuliza jina lake, asili yake na haja yake, na mazungumzo yakawa ya mapatano. Wanazuoni wengi wa dini wamelipinga jambo hilo, na makala haya hayakusudii kulitetea wala kulihukumu. Linalomhusu mhakiki ni umbo la usemi. I. M. Lewis alidai mwaka 1971 kwamba pepo ni sauti ya wanyonge, hasa wanawake. Linda Giles, aliyetafiti katika pwani ya Waswahili, alipinga mwaka 1987 kwamba mambo hayo hayako pembezoni bali yamo ndani ya kiini cha utamaduni. Vyovyote iwavyo, kiti husema asiloweza kulisema mwenyewe, kwa kuwa anayesema si yeye. Na fundi hamkatizi wala hamwambii kwamba anasema uongo. Anauliza: "U nani? Wataka nini?" Kikao cha Perel hakina maswali mazuri kuliko hayo mawili.

4.3 Fumbo na Kanda

Ushairi wa Mombasa umekuwa shule ya masikio tangu zama za Muyaka bin Haji, aliyefariki yapata mwaka 1840, ambaye M. H. Abdulaziz katika kitabu chake cha mwaka 1979 alimtambua kuwa ndiye aliyeyaleta mashairi katika mambo ya watu wa kawaida. Shairi la kujibizana halieleweki kwa anayelisikia peke yake, kwa kuwa ni nusu ya mazungumzo. Msikilizaji hulazimika kuuliza: limetungiwa nani, na limejibu nini?

Taarabu ilipanua shule hiyo. Miaka ya 1950 Sauti ya Mvita ilirusha nyimbo na mashairi hewani. Baadaye kampuni za mjini, kama vile Assanand kwa nembo yake ya Mzuri, na Mbwana Radio Service, zikazieneza sauti hizo kwa sahani na kanda. Ahmad Nassir, mwenye diwani ya Malenga wa Mvita (1971), alitunga mashairi, na Juma Bhalo, aliyefariki mwaka 2014, akayaimba. Watu nao walizoea kupeleka yao kwa watunzi ili yatungiwe. Hivyo kanda moja ilikuwa na watu watatu: mwenye dhiki, mtunzi na mwimbaji. Wa kwanza hakutajwa, lakini aliyekusudiwa alijua, na majirani wenye akili walikisia.

Methali husema: fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua. Kitenzi hicho ni cha kutazamwa kwa makini. Kuganga ni kuponya, na kugangua ni kuufungua uganga uliofungwa. Lugha inalitia fumbo na ugonjwa katika mzizi mmoja, na kwa hiyo anayefasiri shairi na anayemtibu mtu wanafanya kazi za jamaa moja. Si ajabu basi kwamba Abdilatif Abdalla, mwana wa Mombasa, aliyaandika mashairi yake kwa siri gerezani baina ya mwaka 1969 na 1972, mahali ambapo hakuna sikio lolote la kumsikia, na yalipochapishwa mwaka 1973 diwani ikaitwa Sauti ya Dhiki. Aliyenyimwa msikilizaji aliutumia ushairi kumtengeneza.

4.4 Hadithi za Maisha

Kipo pia kitabu ambacho kila mnasihi wa Mombasa angepaswa kukisoma kabla ya kuvaa vipokea sauti. Miaka ya 1970 Sarah Mirza na Margaret Strobel waliwahoji wanawake watatu wa Mombasa: Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na mwaka 1991 kikatoka kwa Kiswahili kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Toleo la Kiswahili ndilo lenye thamani kwa hoja hii, kwa kuwa linahifadhi usemi wenyewe wa wasimulizi na maswali ya wahoji. Msomaji huona swali lililopita mbali na jibu, na jibu lililorudi kwa njia nyingine. Humo pia mna maisha ya ngoma za lelemama, harusi, na unyago ambamo somo na kungwi humfunza mwari. Somo alikuwa mshauri wa siri kabla ya taaluma kuleta jina la mshauri nasaha, na ushauri wake haukutenganishwa na uhusiano wa maisha yote. Kilicho kwenye vitabu ni mpaka baina ya mnasihi na mteja. Kilicho kwa somo ni dhamana. Mnasihi wa leo analazimika kuuweka mpaka, lakini akiisahau dhamana ataonekana kuwa mtu baki.

5.0 Sitara, Sauti na Sheria

Hapa ndipo penye uzito wa suala lote. Je, ifanywe podikasti ya Kiswahili ya aina ya kikao, inasiwe Mombasa, ili wanasihi wa pwani wajifunze kwa lugha yao? Hamu ya kujibu ndiyo ni kubwa. Lakini kipindi cha Perel hutegemea mji mkubwa ambamo mtu asiyetajwa jina hajulikani. Mji wa Kale si mji wa namna hiyo. Katika vichochoro vya Kibokoni na Ndia Kuu, ambamo dirisha huzungumza na dirisha, sauti ndiyo jina. Mtu akikohoa ukutani hujulikana ni wa nyumba ipi. Kuliondoa jina na kuiacha sauti ni kumvua mtu kanzu ukamwachia kofia.

Sheria nayo imo. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, na Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025 tu. Kwa hiyo, hadi juzi, aliyekiri kwenye kinasasauti kwamba alijaribu kuyakatiza maisha yake alikuwa akitoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 31, inalinda faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti. Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliitia kazi hii yenyewe chini ya usajili. Kinga hizi ni njema, lakini hakuna sheria inayoweza kuirudisha sauti iliyokwisha kutambuliwa na jirani.

Hata hivyo sitara isifanywe pazia la dhuluma. Susan Hirsch, katika utafiti wake wa mahakama za kadhi za Mombasa na Malindi uliochapishwa mwaka 1998, alionyesha kwamba wanawake walioambiwa wavumilie kimya walikwenda kuzisimulia shida zao mbele ya kadhi, na aghalabu wakashinda. Kusimulia kwao kulivunja adabu moja na kuokoa haki nyingine. Mficha maradhi kilio humuumbua, na hilo ni kweli pia kwa mke anayepigwa, kwa mtoto aliyenajisiwa, na kwa nyumba ambayo kijana wake ameingia katika unga, janga ambalo Mji wa Kale umelijua kwa miongo kadhaa. Sitara ni haki ya aliyeumizwa. Aliyeumiza hana fungu ndani yake. Podikasti inayoshindwa kuyapambanua hayo mawili haifai kutayarishwa Mombasa wala kwingineko.

Njia ya tatu ipo, nayo imetajwa tayari: ni ile ya kanda ya taarabu. Mwenye dhiki na atoe yake kwa mtu mwenye kifua. Mtunzi ayaandike upya, abadilishe mtaa, kazi na mpangilio wa matukio. Kisha mtu mwingine ayasome kwa sauti yake. Sauti inayosikika isiwe ya mwenye jambo. Gilmartin hufanya jambo linalofanana na hilo anaposoma hewani majibu ya maandishi ya wasikilizaji wasiojulikana, na sehemu hizo ndizo zenye uzito zaidi katika kipindi chake. Ila yeye husoma maandishi kama yalivyo. Mombasa ina kitu cha ziada, ambacho ni mtunzi, na kazi ya mtunzi hapa ni ulinzi kabla haijawa urembo.

Pingamizi itakayotolewa ni kwamba maandishi yaliyotungwa upya yanapoteza ukweli ambao Rogers aliutafuta kwa mashine. Pingamizi hiyo ina haki yake. Kusitasita, pumzi, na lile neno lililomezwa nusu vitatoweka, na mnasihi atayahitaji hayo. Jibu ni kwamba hayo yafundishwe mahali pake, yaani katika chumba cha mafunzo, mbele ya wachache walioapa, kwa kanda ambazo baadaye zitafutwa. Podikasti ni ya umma, na umma ufundishwe kwa utunzi. Kuyachanganya mawili hayo ndiko kunakozaa madhara.

6.0 Hitimisho

Kutokana na yaliyojadiliwa, uamuzi unaweza kutolewa bila ya kuzungukazunguka. Mnasihi wa Mombasa asikilize vipindi vya darasa kwa ajili ya habari, asivitarajie zaidi ya hapo. Asikilize Legally Clueless kwa ajili ya kungoja na kwa ajili ya mpito wa lugha. Asikilize vikao vya Perel kwa ajili ya sauti ya pembeni inayofichua machaguo ya mtibabu, huku akikumbuka kwamba ukimya umekatwa. Asikilize Dear Therapists kwa tahadhari, hasa miisho yake. Na kabla ya yote hayo asome Wanawake Watatu wa Kiswahili, na asikilize kanda za taarabu huku akijiuliza, kwa kila wimbo, ni nani aliyepeleka dhiki yake kwa mtunzi.

Idara za Kiswahili nazo zina deni. Mwaka 2020 jopokazi la serikali lililochunguza afya ya akili lilipendekeza kwamba hali hiyo itangazwe kuwa janga la kitaifa nchini Kenya, na mwaka 2022 Sheria ya Afya ya Akili ikarekebishwa. Katika yote hayo mwanafasihi hakuitwa, na pengine hakubisha hodi. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada za tasnifu wangeweza kuanza na msamiati wa dhiki katika Kimvita, na sarufi ya ile "ila" inayofuata baada ya "njema". Washauri nasaha hawatautunga msamiati huo peke yao, na wateja wao tayari wanausema kila siku.

Sikio la kufa halisikii dawa, husema Waswahili, na lawama huwekwa kwa mgonjwa. Katika taaluma hii methali igeuzwe upande wa pili: sikio likifa kwa mnasihi, dawa yote iliyomo kinywani mwa mteja imepotea.